Richardson: Aliyekokotoa hali ya hewa kwa kalamu akiwa vitani

KILA mwaka kabla ya masika, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutangaza mwelekeo wa mvua za msimu. Tangazo hilo hufika hadi Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru juu ya Tengeru, ambako kahawa, migomba na mahindi hutegemea mvua na mifereji inayoshuka kutoka msituni. Wachache miongoni mwa wanaolisikia redioni wanafahamu kwamba kanuni inayoendesha kompyuta kuu za utabiri, zile ambazo wengine huziita supakompyuta, ilianza kwa mtu mmoja mwenye kalamu, karatasi na rundo la nyasi kavu la kukalia.

Mtu huyo ni Lewis Fry Richardson, Mwingereza aliyefariki dunia Septemba 30, 1953, wakati kompyuta za kwanza zilikuwa bado zinajaza ukumbi mzima. Jaribio lake la kutabiri hali ya hewa kwa hesabu lilikosea vibaya mno. Hata hivyo, ni kosa hilo, pamoja na ujasiri wake wa kulichapisha bila kulificha, lililowafundisha waliomfuata namna ya kufanya kazi hiyo ipasavyo.

Richardson alizaliwa Oktoba 11, 1881, Newcastle upon Tyne, kaskazini mwa Uingereza, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake, David Richardson, alikuwa mfanyabiashara wa kutengeneza ngozi, na mama yake, Catherine Fry, alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa nafaka. Familia hiyo ilikuwa ya dhehebu la Kikristo la Marafiki, maarufu kwa jina la Quaker, ambalo katika Afrika Mashariki lina waumini wengi magharibi mwa Kenya. Miongoni mwa misingi ya dhehebu hilo ni kutoshika silaha kwa hali yoyote ile. Ikumbukwe msingi huo, kwa kuwa ndio uliopindisha maisha ya Richardson mara tatu.

Alisoma katika shule ya Bootham mjini York, inayomilikiwa na dhehebu lake, kisha Newcastle, na hatimaye Chuo cha King's, Cambridge, alikohitimu mwaka 1903 akiwa na daraja la kwanza katika sayansi. Baada ya hapo hakutulia mahali pamoja. Alifanya kazi katika maabara ya taifa ya fizikia, akafundisha Wales, akawa mkemia wa kampuni iliyochimba udongo mweusi wa vinamasi ambao ukikaushwa hutumika kama kuni, kisha akaajiriwa na kiwanda cha taa za umeme. Anayeisoma orodha hiyo haraka anaweza kudhani ni maisha ya mtu asiyejua anachotaka. Kumbe ni katika kinamasi kile alikokutana na swali lililomfanya awe alivyokuwa.

Kampuni ilitaka kujua mitaro ichimbwe wapi na kwa kina gani ili maji yatoke katika udongo kwa kiasi kinachofaa. Kanuni za mwendo wa maji zilijulikana, lakini milinganyo yake ilikubali kufumbuliwa tu pale ambapo ardhi ilikuwa na umbo la kufikirika, kama duara au mstatili usio na kasoro. Ardhi halisi haina umbo hilo. Richardson akaamua kuacha kutafuta jibu moja la eneo zima. Aligawa eneo katika vyumba vidogo, mfano wa mashimo ya bao, na kukokotoa kila shimo linapokea nini na linatoa nini kwa majirani zake. Jibu lililopatikana halikuwa kamili, lakini lilitosha kwa kazi, na liliweza kuboreshwa kila mara vyumba vilipofanywa vidogo zaidi.

Mwaka 1910 aliwasilisha njia hiyo kwa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi mjini London, akitumia mfano wa nguvu zinazolikandamiza bwawa la ukuta wa mawe. Hesabu zenyewe aliwalipa vijana wamfanyie, malipo yakitegemea wingi wa tarakimu. Wanahisabati wa Cambridge hawakuvutiwa. Kwao jibu la kukadiria halikuwa hisabati ya heshima. Leo hakuna daraja, ndege wala bwawa kubwa linalosanifiwa bila njia za jamii hiyo.

Mwaka 1909 alikuwa amemuoa Dorothy Garnett, binti wa mwanafizikia William Garnett. Hawakujaliwa kupata watoto wa kuzaa, na baadaye waliwalea watoto watatu wa kuasili, wavulana wawili na msichana. Dorothy hakuwa mke wa kukaa pembeni ya kazi ya mumewe. Jina lake linajitokeza tena na tena katika safari hii.

Aprili 1912 meli ya Titanic ilizama baada ya kugonga siwa barafu. Katika siku zilizofuata Richardson aliingia ndani ya mashua ndogo karibu na kisiwa cha Wight, akapuliza filimbi na kufungua mwavuli ili unase mwangwi unaorudi kutoka ukutani. Alitaka kuonyesha kwamba meli inaweza kutambua kitu kilicho mbele yake gizani kwa sauti. Aliomba hataza mwaka huohuo, lakini hakupata mtu wa kuliendeleza wazo hilo, naye akaendelea na mambo mengine.

Mwaka uliofuata, 1913, idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilimpa usimamizi wa kituo cha Eskdalemuir, kilichojitenga katika vilima vya kusini mwa Scotland, mahali penye mvua nyingi na watu wachache. Huko ndiko alikoanza kufikiria kwa dhati anga kama alivyokuwa amekifikiria kinamasi.

Utabiri wa wakati ule ulitegemea kumbukumbu. Mtabiri alichora ramani ya mgandamizo wa hewa ya siku hiyo, akatafuta katika makabati ramani ya zamani inayofanana nayo, kisha akadhani kwamba yaliyofuata zamani yatafuata tena. Richardson hakukubaliana na utaratibu huo. Aliona kwamba wanaotengeneza kalenda za nyota kwa ajili ya mabaharia hawasubiri anga lijirudie, bali hutumia kanuni za mwendo. Mwanasayansi wa Norway, Vilhelm Bjerknes, alikuwa ameshaeleza mwaka 1904 kwamba hali ya hewa ya kesho ni zao la hali ya hewa ya leo kupitia kanuni za fizikia. Bjerknes alijaribu kulifumbua tatizo hilo kwa michoro. Richardson alitaka tarakimu.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshaanza. Kwa imani yake hakuweza kupigana, lakini pia hakutaka kukaa salama wakati wengine wanakufa. Mwaka 1916 alijiuzulu na kujiunga na kikosi cha magari ya wagonjwa cha Marafiki, akapelekwa Ufaransa kuhudumu pamoja na jeshi la miguu la nchi hiyo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza dini yake kubadili njia yake.

Mwaka huohuo wa 1916 vita hivyo vilikuwa vimefika hadi chini ya Mlima Meru. Mwezi Machi majeshi ya Uingereza yaliingia Moshi na Arusha, na Aprili 3 kikosi cha Jenerali Jacob van Deventer kiliondoka Arusha kuelekea Kondoa Irangi. Kiliufikia mji huo kabla mwezi haujaisha, lakini masika nayo yalikuwa yameshuka. Njia ziligeuka matope, farasi walikufa kwa wingi, na askari walibaki wakiwa wamekatwa na ghala zao, wakidhoofishwa na njaa na maradhi kwa wiki nyingi. Jeshi la dola kubwa kuliko zote duniani lilikwamishwa na mvua ambayo kila mkulima wa kaskazini mwa Tanganyika aliijua msimu wake, lakini hakuna ofisi yoyote iliyoweza kusema itaanza siku gani wala itanyesha kiasi gani.

Huko Ufaransa, Richardson alisafirisha majeruhi. Katika siku za mapumziko, ndani ya vibanda vya baridi vilivyo nyuma ya mstari wa mbele, alikaa juu ya rundo la nyasi kavu na kukokotoa. Alichagua saa moja ya asubuhi ya Mei 20, 1910, kwa sababu siku hiyo vituo kadhaa vya Ulaya vilikuwa vimerusha puto zenye vipimo, na Bjerknes alikuwa ameyachapisha matokeo katika ramani. Aliigawa Ulaya ya kati katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 200, na hewa iliyo juu ya kila mraba akaigawa katika matabaka matano. Kisha akauliza swali linaloonekana dogo: mgandamizo wa hewa katika eneo la Munich utabadilika kwa kiasi gani katika muda wa saa sita?

Jibu lilimchukua sehemu kubwa ya wiki sita, na lilikuwa si sahihi hata kidogo. Kwa hesabu zake, mgandamizo ungepanda kwa milibari 145. Msomaji apime mwenyewe: mgandamizo wa kawaida usawa wa bahari ni takriban milibari 1,013, na mabadiliko ya milibari chache kwa siku ndiyo ya kawaida. Siku ile halisi, Munich, mgandamizo haukubadilika karibu kabisa.

Kana kwamba hilo halitoshi, Aprili 1917, wakati wa mapigano ya Champagne, muswada wa kitabu chake ulipelekwa nyuma ya mstari kwa usalama, ukapotea. Miezi kadhaa baadaye uliokotwa Ubelgiji chini ya lundo la makaa ya mawe.

Wapo wanasayansi ambao wangeshukuru muswada kama huo ubaki chini ya makaa. Richardson aliusafisha, akauongeza, na mwaka 1922 Chuo Kikuu cha Cambridge kikauchapisha, kosa la milibari 145 likiwa ndani, limeonyeshwa hatua kwa hatua kwa jedwali. Aliandika kwamba chanzo kilikuwa vipimo vya upepo vilivyoingizwa mwanzoni, wala si kanuni, na kwa kiasi kikubwa alikuwa sahihi. Vipimo vya upepo na vya mgandamizo havikuwiana. Tofauti ndogo kati yao zilizaa katika hesabu mawimbi ya kasi ambayo angani halisi hayakuwapo. Miongo mingi baadaye, mwanasayansi wa Ireland, Peter Lynch, alizirudia hesabu zilezile kwa kompyuta. Aliposawazisha kwanza vipimo vya mwanzo, badiliko la kutisha likatoweka na jibu likakaribia kile kilichotokea kweli.

Ndani ya kitabu hicho mna ukurasa ambao umemfanya Richardson akumbukwe hata na wasiojua hisabati. Aliwazia ukumbi mkubwa wa duara, mfano wa jumba la maonyesho, ramani ya dunia yote ikiwa imechorwa kwenye kuta zake, ncha ya kaskazini juu darini na ncha ya kusini chini sakafuni. Watu 64,000 wameketi humo, kila kundi likikokotoa mraba wake na kumpa jirani matokeo. Katikati, juu ya nguzo ndefu, yupo msimamizi mfano wa kiongozi wa kwaya. Kundi linalokwenda haraka kuliko wenzake humulikwa kwa mwanga mwekundu hafifu, na linalochelewa humulikwa kwa mwanga wa bluu, ili dunia nzima isonge mbele kwa pamoja. Kwa hesabu zake, idadi hiyo ingetosha tu kwenda sambamba na hali ya hewa yenyewe, bila kuitangulia. Na wataalamu wa baadaye wameona kwamba hata hapo alikadiria watu wachache mno.

Ukiondoa watu na kuweka vichakato vya kielektroniki, hiyo ndiyo kompyuta kuu ya leo. Haina ubongo mmoja mkubwa. Ni maelfu ya vichakato, kila kimoja kikiwa na kipande chake cha dunia, vikipashana habari za mipakani, na kazi ngumu kuliko zote ni kuhakikisha kwamba hakuna kinachowasubirisha wenzake. Richardson aliyaona hayo yote zaidi ya miaka 20 kabla ya kompyuta ya kielektroniki kuwapo.

Kitabu hakikununuliwa. Zilichapwa nakala 750 tu, kwa bei ya shilingi 30 za Kiingereza, na ilichukua karibu miaka 30 kuzimaliza. Wataalamu walikisifu kwa adabu na kukiweka rafuni.

Mara ya pili imani yake kumbadilishia njia ilikuwa mwaka 1920. Alikuwa amerejea katika idara ya hali ya hewa, kituo cha Benson, ndipo serikali ilipoihamishia idara hiyo chini ya wizara ya jeshi la anga. Richardson alijiuzulu. Alikwenda kufundisha fizikia katika chuo cha ualimu cha Westminster, London, huku akiendelea na uchunguzi wa misukosuko ya hewa, yaani jinsi upepo unavyovunjika katika vizingia vikubwa, vidogo, na vidogo zaidi. Kipimo kinachoonyesha kama hewa itatulia au itavurugika kinaitwa hadi leo namba ya Richardson, na kimo ndani ya programu za utabiri duniani kote. Mwaka 1926 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme.

Ya tatu ndiyo iliyomgharimu zaidi. Aligundua kwamba waliovutiwa sana na kazi yake ya usambaaji wa hewa walikuwa wataalamu wa gesi ya sumu, waliotaka kujua wingu la mauti litafika wapi. Kwa mujibu wa mkewe, aliacha utafiti wa hali ya hewa na kuharibu kazi ambazo zilikuwa hazijachapishwa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu tu, katika kilele cha uwezo wake. Pengine sayansi ilipoteza mengi kwa uamuzi huo. Yeye hakuonekana kuujutia.

Mwaka 1929 alichukua uongozi wa chuo cha ufundi cha Paisley, Scotland. Ni mwaka huohuo ambapo idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Kiingereza ilianzishwa, makao yake yakiwa Nairobi, ikihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Idara hiyo ilirithiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza iliyokuwa na makao yake Arusha, na ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na yake.

Mwaka 1940 Richardson alistaafu mapema kwa hiari ili ashughulikie jambo ambalo kwake lilikuwa kubwa kuliko mvua: hisabati ya vita. Alikusanya takwimu za mapigano ya zaidi ya karne moja, akitafuta kama mashindano ya silaha yana kanuni kama upepo ulivyo na kanuni. Katika kazi hiyo alitaka kujua kama nchi zenye mipaka mirefu hupigana zaidi, akakuta kwamba vitabu havikubaliani kuhusu urefu wa mipaka yenyewe. Sababu ilikuwa rula. Anayepima pwani kwa rula ndefu huruka ghuba na mikono ya mito; anayetumia rula fupi huzihesabu, na pwani inarefuka. Atakayepima pwani ya Tanzania, pamoja na delta ya Rufiji na mikoko yake, atakutana na jambo hilohilo. Makala hiyo ilichapishwa mwaka 1961, yeye akiwa ameshafariki, na ikawa miongoni mwa mambo yaliyomchochea Benoit Mandelbrot kuanzisha tawi jipya la hisabati.

Aliishi miaka yake ya mwisho Kilmun, kijiji cha pwani ya Scotland, bila fedha nyingi. Udadisi haukumwacha. Mwaka 1948, pamoja na mtaalamu wa bahari kutoka Marekani, Henry Stommel, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo vifaa vyake vikuu vilikuwa vipande vya mboga ya mizizi inayofanana na karoti nyeupe, walivyovitupa baharini na kuvitazama vinavyoachana.

Mwaka 1950 habari zikaja kutoka Marekani. Jule Charney, Ragnar Fjørtoft na John von Neumann walikuwa wametumia kompyuta ya ENIAC, iliyojengwa kwa ajili ya hesabu za mizinga, kukokotoa hali ya hewa ya Amerika ya Kaskazini ya siku inayofuata. Utabiri wa saa 24 uliwachukua takriban saa 24 kuukokotoa, wakitumia milinganyo iliyorahisishwa ili kukwepa mawimbi yale yaliyomwangusha Richardson. Charney alimtumia mzee huyo matokeo. Richardson alimpa Dorothy ramani azitazame, ile iliyokokotolewa na ile iliyodhani kwamba hali haitabadilika, aseme ipi inafanana zaidi na kilichotokea. Mke akaona iliyokokotolewa imeshinda, kwa tofauti ndogo. Richardson aliwapongeza wenzake kwa moyo mweupe, akihesabu hilo kuwa hatua kubwa sana kulinganisha na jibu lake moja lililokosewa. Mwaka 1953 alifariki akiwa usingizini.

Idara aliyoihama mara mbili ilianza kutoa utabiri wa kila siku kwa kompyuta Novemba 2, 1965. Kutoka hapo njia ya vyumba ilitumika kukokotoa si kesho tu, bali tabianchi ya miongo mingi ijayo, pamoja na bahari, misitu na barafu. Syukuro Manabe na Klaus Hasselmann, miongoni mwa waasisi wa kazi hiyo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021.

Kwa watu wa Meru, suala kubwa katika hesabu hizo ni ukubwa wa chumba. Katika mraba wa Richardson wa kilomita 200, Mlima Meru, Kilimanjaro, jiji la Arusha, Monduli na sehemu ya nyika ya Simanjiro vyote vingekaa pamoja. Vilele vya milima hiyo miwili vimeachana kwa takriban kilomita 70 tu. Mraba mmoja una mwinuko mmoja, joto moja na mvua moja. Kwa hiyo Akheri, yenye migomba na chemchemi, ingepewa mvua sawa na Ngare Nanyuki, iliyo upande mkavu wa mlima. Modeli nyingi za tabianchi zilizotumika katika ripoti za kimataifa zilikuwa na vyumba vya zaidi ya kilomita 100, na ndani yake mlima wenye zaidi ya mita 4,500 ulilainishwa ukawa mwinuko wa kawaida.

Dawa yake ni kupunguza vyumba, na hapo ndipo nguvu ya kompyuta inapohitajika. Kila upana wa chumba unapopunguzwa kwa nusu, vyumba vinaongezeka mara nne, na kwa kuwa hatua za muda nazo lazima zifupishwe kwa nusu, kazi huongezeka mara nane. Kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, ambacho kompyuta zake zimo Bologna, Italia, kimekuwa kikitumia vyumba vya takriban kilomita tisa kwa dunia nzima tangu mwaka 2016. Kwa vyumba hivyo, Akheri na Ngare Nanyuki zinatengana.

Wanasayansi wa Uingereza walikwenda mbali zaidi kwa ajili ya Afrika. Waliendesha modeli ya bara zima yenye vyumba vya takriban kilomita 4.5, kwa miaka kumi ya hali ya sasa na miaka kumi ya dunia yenye joto zaidi. Modeli za vyumba vikubwa hunyesha manyunyu mengi karibu na adhuhuri. Hii ya vyumba vidogo ilinyesha radi za alasiri na jioni, kama zinavyonyesha kweli. Katika dunia ya joto zaidi ilionyesha mvua kubwa za ghafla zikiongezeka, na katika maeneo mengi vipindi vya ukame katikati ya msimu vikizidi pia. Kwa mkulima wa mteremkoni, hiyo ni tofauti kati ya udongo kubaki shambani na udongo kuishia mtoni.

Hata hivyo, lipo fumbo ambalo mashine hazijalimaliza. Tangu miaka ya 1980 hadi takriban mwaka 2010, mvua za masika katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki zilikuwa zikipungua, wakati modeli nyingi zilitabiri kwamba zitaongezeka. Kisha masika ya 2018 na ya 2020 yakaja na mafuriko. Watafiti wamelipa tatizo hilo jina la kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki. Vuli ni rahisi zaidi kutabirika, kwa kuwa hufuata kwa karibu joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, kama ilivyoonekana katika El Nino ya 1997 na ya 2023. Masika hayana bwana mmoja.

Sehemu ya tatizo ni ileile ya Mei 20, 1910, yaani vipimo vya kuanzia. Richardson alipendekeza katika kitabu chake kwamba vituo vya kupima vipangwe kwa mpangilio wa miraba yenyewe, kimoja baada ya kingine, ili hesabu isianze kwa kubahatisha. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) limewahi kueleza kwamba mtandao wa vituo vya Afrika una takriban sehemu moja ya nane tu ya idadi ya chini inayopendekezwa. Satelaiti zimesaidia sana, lakini kiasi cha mvua iliyoanguka kwenye mteremko wa mlima bado hupimwa vizuri zaidi na chombo kilichosimama hapohapo, na mtu wa kukisoma kila asubuhi saa tatu.

Chini ya Akheri, huko Tengeru, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2012. Miongoni mwa masomo ya shahada za juu yanayotolewa hapo ni sayansi ya ukokotoaji. Wanafunzi wake huanza pale Richardson alipoanzia akiwa na mitaro ya kinamasi: wanachukua eneo lisilo na umbo kamili, wanaligawa katika vyumba, na kukokotoa kila chumba kinapokea nini kutoka kwa jirani.